Saba Walioona kwa Macho Yao

Siku ya nne ya mahojiano, Tupokigwe Mwaisumbe alizima mashine ya kusaga ilhali debe la mteja limefika nusu. Katika miaka ishirini na miwili ya kusaga pale Uyole, hakuwahi kufanya kitu kama hicho. Mteja, mama mmoja aliyejifunga kanga hadi kwenye nyusi kwa kuogopa vumbi la unga, alimkazia macho.

"Imekufa, Mama Bupe?"

"Haijafa. Hebu nisikie huyu anasema nini."

Ukutani, juu ya magunia, runinga ilikuwa ikionyesha kipindi ambacho nchi nzima ilikuwa ikikitazama kila saa saba mchana. Wazee saba wa baraza waliotoa hukumu katika kesi ya handaki la Loleza walikuwa wakihojiwa, mmoja kila siku. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bi. Nsajigwa, mwinjilisti, ambaye kwa siku kumi na tisa za kesi alikaa kiti cha jirani na Tupokigwe, magoti yao yakigusana.

"Kilichonituliza moyo," Nsajigwa alikuwa akimwambia mtangazaji, Shamte Mikidadi, "ni pale nilipomwona mshtakiwa amepiga magoti. Mlango bado uko wazi, moshi unakuja, yeye kapiga magoti, kafumba macho, anasema, 'Baba, mikono hii si yangu, ni yako.' Ndipo akabonyeza. Mtu wa namna hiyo si muuaji, mwanangu."

Shamte aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeonjeshwa kitu kitamu.

Tupokigwe alibaki ameshika swichi. Magoti? Magoti gani? Yeye naye alikuwepo. Yeye naye aliona. Hapakuwa na magoti wala sala.

Angekuwa ni Nsajigwa peke yake, angesema dini imemzidi. Lakini Jumatatu Mwalimu Ambilikile alisema alimwona mshtakiwa akihesabu watu wanaotoka, mmoja mmoja, kwa vidole, hadi mia nne na kumi na mbili. Tupokigwe akajiambia uzee ule. Jumanne yule golikipa kijana, Elia, akasema alimwona akivua barakoa yake ya moshi na kumvisha babu aliyekuwa akikohoa. Tupokigwe akasema ujana ule, anataka jina. Jumatano Dafroza mkunga akasema alimwona akitoka na kichanga kwapani. Leo magoti. Watu wanne, mambo manne, na hakuna hata moja aliloliona yeye.

"Wamepangwa hawa," alisema kwa sauti.

"Nani?" mteja aliuliza.

Tupokigwe aliwasha mashine, unga ukaanza tena kumwagika, lakini masikio yake hayakuwa pale.

*

Kesi yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja na mlango mmoja. Sekela Mwasomola alikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha chini cha reli inayopita ndani ya mlima. Behewa la betri lilipowaka, aliufunga mlango mkubwa wa chuma ili moshi usiwafikie watu mia nne waliokuwa wakipanda ngazi. Upande wa pili walibaki watu kumi na mmoja. Kampuni ya Reli ya Nyanda ilisema msimamizi alifuata utaratibu. Ndugu wa marehemu walisema aliwafungia watu wakiwa hai. Wazee wa baraza, wote saba, wakasema hana hatia, na kwa kuwa yeye hakuwa na hatia, kampuni nayo ikatoka mahakamani ikiwa safi kama sahani. Siku hiyo lango la mahakama lilipigwa mawe.

Sheria mpya ya mabaraza iliwapa siku thelathini za kunyamaza. Baada ya hapo mzee wa baraza aliruhusiwa kueleza sababu zake popote. Kitu kimoja tu kilikatazwa: kuikana hukumu aliyoitia saini. Hiyo ilikuwa na kifungo cha miaka mitatu.

Jioni kabla jua halijazama, Tupokigwe alimpigia simu Mwalimu Ambilikile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Bupe. Za kusaga?"

"Nzuri. Mwalimu, nani alikufundisha yale uliyoyasema Jumatatu?"

"Kunifundisha? Unasema nini wewe?"

"Habari za kuhesabu kwa vidole. Mimi sikuyaona hayo."

"Ulikuwa umefumba macho basi! Alisimama pembeni ya mlango, mkono wa kushoto ameuinua hivi. Nilihesabu pamoja naye. Mama, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Mtu akihesabu namjua." Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kupanda. "Na wewe ndiye wa kuniuliza nani kanipanga? Wewe uliyekuwa wa mwisho kusaini? Sisi tulijiuliza ni nani amekuzuia!"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Uliona nini wewe ambacho sisi hatukukiona?"

Tupokigwe alikaa juu ya gunia. Hakuwa amewahi kumweleza mtu.

"Nilimwona anarudi," alisema. "Mlango umeshafungwa, wenzake wanamvuta waende, yeye anarudi. Anaupiga ule mlango kwa ngumi hadi mikono inatoka damu. Anaita, 'Kaka! Kaka, nisamehe!' Ndipo nilipokubali."



"Hakurudi," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilimwona akipanda ngazi pamoja na mtu wa mwisho. Nilimwona hadi juu."

*

Wote saba waliingia chumba cha kuonyeshwa ushahidi asubuhi ya siku ya kumi na tisa. Fundi wa kampuni ya Mboni, kijana mpole mwenye viatu visivyotoa sauti, aliwapa kila mmoja kofia ya kufunika macho na kuwaeleza habari za Shuhuda, mashine ya kampuni hiyo.

"Shuhuda haitungi," aliwaambia. "Inakusanya. Inachukua picha za kamera, joto lililosomwa ukutani, nyayo zilizosomwa na sakafu, sauti kutoka simu za watu waliokuwepo. Inaijenga siku ile upya, na ninyi mnasimama ndani yake."

Mwalimu aliuliza kama kuna mapengo. Kijana alisema yapo. Kamera zilizibwa na moshi dakika ya nne, na mlango ulifungwa dakika ya tisa. Dakika tano za katikati zilikuwa za makisio.

"Makisio ya uhakika wa asilimia tisini na sita," alisema.

"Na hivi vinavyobana kwenye paji?" Dafroza aliuliza.

"Vinasoma mapigo ya moyo na macho yenu, msije mkashikwa na kichefuchefu. Mtu akianza kukataa picha, Shuhuda inatulia, inamfuata."

Inamfuata. Neno hilo siku ile lilipita sikioni mwa Tupokigwe kama mengine. Sasa, amekaa juu ya gunia na simu mkononi, aliikumbuka saa ile vizuri zaidi. Mwanzoni alimwona Sekela akiiendea swichi kwa uso mkavu, kama karani anayefunga ofisi, na moyo wake ukasema: huyu ni muuaji. Hapo picha ikayumba. Iliyumba kidogo tu, kama runinga inavyoyumba mota ya mashine inapovuta umeme. Kisha Sekela akageuka na kurudi mlangoni.

Walipovua kofia, wote walikuwa wakilia. Nsajigwa alisema, "Tumeona." Elia akasema, "Tumeona kweli." Macho hayana pazia, nani atamuuliza mwenzake ameona nini, na wote wametoka mahali pamoja? Dakika arobaini baadaye walikuwa wameshatia saini.

*

Kesho yake, Ijumaa, alimwachia jirani mashine akaenda Isanga, ambako Sekela alikuwa akiishi kwa dada yake. Alimkuta uani akimenya viazi. Alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana kizimbani, nywele zimekatwa karibu zote.

"Shikamoo," Sekela alisema bila kuinuka. "Nakukumbuka. Kiti cha tano. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Simu yako iweke ndani ya ile ndoo, ufunike. Ndipo tuongee."

Tupokigwe alifanya alivyoambiwa. Aliporudi, Sekela alikuwa amemsogezea kigoda, ila kisu cha viazi hakukiweka chini.

"Nina swali moja tu, mwanangu. Baada ya kufunga, ulirudi mlangoni?"

"Wewe uliniona nafanya nini?"

"Nijibu kwanza."

"Hapana, mama. Anza wewe. Siku hizi kila mtu anajua nilichofanya siku ile kuliko ninavyojua mwenyewe. Juzi mmoja kasema nilibeba kichanga. Mimi kichanga sikukiona."

Basi Tupokigwe akamweleza, na alipofika kwenye damu, Sekela alifuta mikono kwenye kitenge akamnyooshea. Ilikuwa mikono mizima, laini, isiyo na hata mkwaruzo.

"Na kaka sina," Sekela alisema. "Kwetu tumezaliwa wasichana watatu."

"Mimi nilikuwa naye," Tupokigwe alisema.

Hakuwa amekuja kusema hayo, lakini yalitoka. Gwakisa, kaka yake mdogo kabisa, alifia kwenye mgodi wa makaa. Mnyapara alifunga geti la shimo maji yalipoingia, akaenda nyumbani, akaoga, akala chakula cha mchana. Alisema hivyo mwenyewe mbele ya wafiwa, bila aibu. Miaka thelathini Tupokigwe alikuwa amelala na kuamka akitamani jambo moja: kumwona mnyapara yule akirudi getini, hata mara moja, hata kama geti lisingefunguka.

"Kuna mtu mahakamani alijua hayo?" Sekela aliuliza.

Tupokigwe alitaka kusema hapana. Kisha akaikumbuka fomu waliyojaza walipoteuliwa. *Je, umewahi kufiwa kwa ajali ya kazini? Eleza.* Alikuwa ameeleza, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri.

Viazi vilibaki kwenye beseni. Jogoo wa jirani alipita katikati yao kwa maringo yake, akaenda zake.

"Nitakwambia, kwa kuwa umetembea hadi huku," Sekela alisema. "Sikulia. Sikupiga magoti. Barakoa nilivaa mwenyewe. Nilikuwa nahesabu, ndiyo, lakini nilihesabu sekunde. Ule mlango mkubwa nisingeufunga, wale mia nne wangekufa kwenye ngazi. Ningeufunga hata leo. Waliobaki nyuma walikuwa na njia nyingine, mlango mdogo wa dharura unaotokea kwenye ngazi ya mafundi, upande wa kushoto. Kila kituo cha chini kinao."

"Hawakuutumia?"

"Haukufunguka. Kitasa kilishikana tangu mwezi wa tatu. Niliandika barua mara tatu. Siku nafunga mlango mkubwa, nilijua ule mdogo haufunguki." Sasa hakuwa akimtazama. "Nilijua, mama. Niliwasikia wanauendea."

"Mbona hukusema mahakamani?"

"Wakili wa reli alinijia mahabusu. Miezi kumi na minne nilikuwa mle, chumba cha watu kumi na wawili tunalala thelathini. Akaniambia: ukitaja mlango mdogo, watasema ulijua haufunguki na bado ukafunga, hapo ni kuua kwa kukusudia. Kaa kimya, Shuhuda itakusemea. Nikakaa kimya." Alichukua kiazi kingine. "Ikanisemea."

Tupokigwe alijaribu kuukumbuka ukuta aliouona ndani ya kofia ile, upande wa kushoto wa ngazi. Ulikuwa mweupe, laini, mrefu. Haukuwa na mlango wowote.

"Umeshatengenezwa?" aliuliza.

"Nitajuaje? Hawaniruhusu kukanyaga kule. Treni zinapita kila dakika arobaini, hilo ndilo ninalolijua."

Bupe, binti yake, alikuwa muuguzi ng'ambo ya mlima. Alikuwa akipanda treni ile kila Jumatatu na Alhamisi.

"Ukisema," Sekela alisema, "mimi narudi ndani. Na wewe unaingia. Na wale kumi na moja hawafufuki. Sikutishi, nakwambia tu ujue. Mimi harufu ya kile chumba bado ninayo puani."

Tupokigwe aliiondoa simu yake kwenye ndoo akaaga. Njiani wazo jingine lilimjia: na huyu je? Amejuaje kwamba hadithi ya mlango mdogo ndiyo itakayoniuma? Pengine naye amenisoma usoni, kama ile kofia, akanipa ninachotaka kukisikia. Alisimama kando ya barabara, watu wakimpita, asijue kwenda wala kurudi.

*

Jumamosi alimweleza Bupe kila kitu. Bupe alisikiliza hadi mwisho, na hakumwambia aache wala aendelee.

"Mama, wewe ulisaini kwamba hana hatia. Leo unasemaje?"

Tupokigwe aliutazama mkono wake uliotia saini.

"Basi hilo ndilo la kufikiri," Bupe alisema, "siyo mimi na treni yangu. Mimi nitapita barabarani."

Jumapili saa sita mchana gari la Runinga ya Upeo lilimfuata. Kwenye chumba cha kupaka poda alimkuta mwanamke asiyemjua, nadhifu, mwenye sauti ya upole, amemwekea chai na maandazi. Alijitambulisha kuwa ni Leokadia, wa kitengo cha mawasiliano cha kampuni ya Mboni.

"Nimekuja kukupa moyo tu, mama yangu. Tumeona baadhi ya wazee wetu kumbukumbu zinatofautiana kidogo. Ni kawaida. Mtu akiona jambo zito, akili inajaziajazia."

"Mmeona lini?"

"Naam?"

"Kwamba zinatofautiana. Mmeona wiki hii kwenye runinga, au mlijua tangu siku ile?"

Leokadia alitabasamu na kumsogezea karatasi yenye mistari minne iliyochapwa kwa herufi kubwa. *Niliridhika na ushahidi. Nina amani na uamuzi wangu. Nawaombea wafiwa. Asanteni.*

"Hii itakusaidia usibabaike. Hayo mengine yanakusumbua bure. Wewe ni mtu mzima, mashine ina wateja, binti ana kazi nzuri. Siyo vizuri kuhangaika hadi Isanga kwa ajili ya viazi."

Chai ilikuwa ya moto, yenye tangawizi nyingi, kama anavyoipenda. Tupokigwe aliitazama. Nani amewaambia anapenda tangawizi? Aliisukuma kando bila kuionja, na karatasi akaikunja akaitia kwenye mkoba. Leokadia aliona anaitia, akaridhika.

Studio ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Shamte Mikidadi alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu sana, Bi. Tupokigwe. Wewe ndiye wetu wa mwisho." Taa ziliwaka. Mtu alihesabu kwa vidole kutoka tano.

Shamte aliwakumbusha watazamaji kesi, hukumu na mawe. Kisha akamgeukia. "Wenzako sita wameketi hapo ulipo. Wote wanasema hawana shaka. Na wewe, mama, ni kitu gani kilichokuridhisha?"

Aliwaza chumba cha watu kumi na wawili wanamolala thelathini.

"Nitasema nilichokiona," alianza. "Sheria inaniruhusu kusema nilichokiona, siyo?"

"Bila shaka."

"Nilimwona dada yule akirudi mlangoni, anaupiga kwa ngumi, damu inamtoka, anamlilia kaka yake."

Shamte aliinamisha kichwa kwa huzuni aliyoizoea. Halafu kichwa kilisimama. "Kumradhi. Bi. Nsajigwa alituambia alipiga magoti kabla ya kufunga. Na baada ya kufunga..."

"Mwalimu Ambilikile alimwona akipanda ngazi bila kugeuka. Ndiyo. Elia kamwona anatoa barakoa. Ungemuuliza na Dafroza kama kuna barakoa aliyoiona. Baba, mimi siku nne niliamini wenzangu waongo. Siyo waongo. Kila mmoja alivalishwa kofia yake, akaonyeshwa mtu wake."

Shamte aligusa sikio lake. Kuna mtu alikuwa akimwambia jambo.

"Mama, unataka kusema ushahidi ulikuwa..."

"Dada yule hana kaka. Mwenye kaka ni mimi. Anaitwa Gwakisa, alikufa nyuma ya geti lililofungwa na mnyapara, na habari zake niliziandika kwenye fomu ya mahakama. Nilipomkataa yule dada, ile mashine ilikwenda ikamchukua Gwakisa wangu, ikamtia kwenye mdomo wake, ndipo nikakubali. Mimi ni mtu wa kusaga, sijui mengi. Lakini najua mashine haijigeuzi yenyewe. Kuna mkono umeigeuza. Sisi saba tulipelekwa mahali pamoja kwa njia saba. Nani alitaka tufike pale?"

"Tunakwenda mapumziko mafupi," Shamte alisema, na uso wake ulikuwa umepauka chini ya poda.

Taa nyekundu ya kamera ilizimika. Mtangazaji aliinama karibu yake, akanong'ona kwa lafudhi yake ya pwani iliyokuwa imejificha wiki nzima: "Miye nimewahoji sita kabla yako. Yalikuwa hayalingani, nami niliyasikia. Nikajiambia, si kazi yangu."

"Na leo ni ya nani?" Tupokigwe alimuuliza.

Mlinzi alikuwa ameshamshika kiwiko, kwa adabu, akimwonyesha mlango. Matangazo ya sabuni yaliendelea dakika kumi na nane, na kiti kile hakikuonekana tena.

*

Hakungoja kufuatwa. Alikwenda mwenyewe kituo cha polisi, Bupe kando yake, akamwambia afande wa zamu jina lake na alichokisema hewani. Afande alikuwa ameona kipindi. Alikuwa mtu wa makamo, na aliitoa fomu ya maelezo kama mtu anayetamani isingekuwepo.

"Mama, hili ni swali la sheria. Je, unaikana hukumu uliyoitia saini?"

"Unataka niandike ndiyo au hapana?"

"Ndiyo au hapana."

"Kama ana hatia, sijui. Kama hana, sijui pia. Wao walinifanya nijue. Sasa sijui, na hilo ndilo nililokuja kusema."

"Hakuna kisanduku cha 'sijui', mama."

"Basi chora."

Saa nane Mwalimu Ambilikile aliingia, amevaa koti la kanisani, akasimama nyuma yake kwenye foleni kana kwamba wanasubiri kupima nafaka. Elia alifuata, akihema, na viatu vya mpira mkononi. Dafroza alipiga simu akasema yuko njiani. Nsajigwa hakuja, alituma ujumbe kwamba yeye aliyaona magoti na hatayakana hadi kaburini. Wengine wawili walizima simu zao. Nje, watu walikuwa wameanza kukusanyika, na ndani mtu hangeweza kujua kama wameshika mawe au la.

Tupokigwe alikuwa kwenye benchi, akisubiri kuitwa ndani, alipohisi mtu ameketi kando yake. Hakuwa Bupe. Alikuwa Sekela, amevaa sweta juu ya gauni, na mfuko wa plastiki mapajani wenye mswaki, sabuni na kitenge.

Hakumsalimu. Alitazama ukuta wa mbele.

"Umeniharibia," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nimeanza kulala usingizi. Siku tatu mfululizo nililala."

Tupokigwe alitaka kumshika mkono, akaogopa. Hata sasa, shaka ilikuwa bado imekaa kifuani mwake, kwamba huyu mwanamke huenda anasema kweli na huenda hasemi, na kwamba hakuna kofia yoyote duniani itakayomwondolea mzigo huo.

Afande aliweka karatasi tupu na kalamu mbele ya Sekela, akamwambia aandike maelezo yake tangu mwanzo. Sekela aliichukua kalamu. Akaandika jina lake, akasita, akajaribu tena. Herufi zilitapakaa kama nyayo za kuku.

Akaisukuma karatasi kwa Tupokigwe.

"Mkono haushiki," alisema. "Andika wewe. Mlango mdogo, namba tisa, upande wa kushoto wa ngazi. Barua ya kwanza niliandika tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Na uandike kwamba nilijua."

"Niandike hivyo hivyo? Kwamba ulijua?"

"Hivyo hivyo."

Tupokigwe akaandika.